Binti yangu anataka urubani, na mimi ndege ndogo naiogopa. Nani anawakagua hawa marubani?

Swali: Kepteni, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Langoni, Lamu. Binti yangu ametimiza miaka 18, amemaliza shule, na hataki kusikia kingine ila urubani. Chuo kimoja cha Nairobi kimemkubali na wakala wao anataka tulipe nusu ya ada kabla ya mwisho wa mwezi. Nikimuuliza kuhusu chuo, ananijibu tu kwamba "kina leseni ya serikali". Juzi nilipanda ndege ndogo ya Caravan kutoka kiwanja cha Manda kwenda kiwanja cha Wilson, Nairobi. Rubani alikuwa peke yake, kijana mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, na kiti cha pembeni yake amekaa abiria. Kaka yangu anasema serikali haiko huko juu, leseni ni karatasi tu. Ni kweli? Nitajuaje chuo ni cha haki? Na wengine wananishauri nimpeleke Afrika Kusini.

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na la haraka: hiyo nusu ya ada usiilipe bado. Sisemi chuo ni cha matapeli. Hukukitaja jina na hata ungekitaja nisingekihukumu kwa mbali. Nasema kuna hatua inayotangulia pesa, na wakala hana sababu ya kukwambia kwa kuwa yeye haimwingizii kitu. Mpeleke binti kwa daktari kwanza.

Wala si daktari yeyote. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, ina orodha ya madaktari iliowateua kupima marubani, na cheti cha daktari mwingine hakina kazi. Anayetaka kurusha ndege za biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Atapimwa macho, masikio, moyo, damu na mkojo, ataulizwa kama amewahi kuzimia au kushikwa na kifafa, ataulizwa habari za akili na usingizi pia. Miwani si kikwazo, maadamu akivaa anaona sawasawa. Kinachowaangusha vijana bila wao kutazamia ni rangi. Mtu anaweza kufika miaka 18 na asijue kwamba hatofautishi nyekundu na kijani, mpaka siku daktari anapomfunulia kitabu cha vidoti vya rangi na kumuuliza anaona namba gani. Kwenye viwanja vingi, pembeni ya njia ya kurukia, kuna taa nne zinazomwonyesha rubani kama anashuka kwa mwinamo unaofaa: mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa, nyekundu zote nne, yuko chini mno. Asiyezitambua hizo hawezi kuachiwa abiria. Kwa bahati, tatizo hili huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa hiyo binti yako ana nafuu kuliko kaka zake. Lakini apimwe. Gharama ya kipimo si kitu mbele ya ada ya urubani, ambayo ni mamilioni, na nimeona familia zikiuza shamba kabla mtoto hajafunuliwa kile kitabu.

Sasa nije kwa kaka yako. Amesema kweli nusu. Leseni peke yake ni karatasi, na ndiyo maana sheria haimruhusu mtu kuruka kwa leseni peke yake.

Nahodha wa jahazi pale kwenu Matondoni akishaitwa nahodha ameitwa, hata akikaa barazani miaka kumi jina halimtoki. Rubani hana heshima hiyo. Cheti chake cha afya cha daraja la kwanza kinaishi miezi 12. Akipita miaka 60 kinaishi miezi 6, na akiwa anabeba abiria kibiashara akiwa rubani peke yake, hiyo miezi 6 inaanza tangu anapopita miaka 40. Kila aina ya ndege kubwa inahitaji idhini yake iliyoandikwa kwenye leseni. Kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege tu ni idhini nyingine. Kabla hajabeba abiria, lazima ndani ya siku 90 zilizopita awe ameruka na kutua angalau mara tatu. Na anayefanya kazi kwenye shirika la ndege anatahiniwa mara mbili kwa mwaka, ndani ya ndege au ndani ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza ndege, mtahini akimzimia injini na kumtazama anafanya nini. Kimoja kati ya hivyo kikipitwa na tarehe, kepteni mwenye saa elfu kumi za kuruka anakaa chini sawa na mimi na wewe.

Haya ni masharti ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililozaliwa na mkataba uliotiwa saini Chicago mwaka 1944. Kenya inayatekeleza kupitia Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013 na kanuni zake. Masharti ya ICAO ndiyo ya chini kabisa: nchi inaweza kukaza zaidi, na ikilegeza inatakiwa iwaarifu wenzake.

Kuhusu yule kijana wa Caravan. Leseni ya rubani wa biashara hutolewa kuanzia miaka 18, na ya juu kabisa, ile ya kepteni wa ndege kubwa za abiria, kuanzia miaka 21 na saa 1,500. Vijana wengi huzitafutia saa hizo Wilson, kwenye ndege ndogo, ndiyo maana unawaona wengi huko. Caravan imeundwa kurushwa na rubani mmoja, kwa hiyo kumkuta peke yake si kinyume cha maumbile ya ndege hiyo. Mashirika mengine huweka wawili kwa hiari au kwa kusukumwa na wateja na kampuni za bima. Mimi mwenyewe ningechagua wawili kila mara, hasa msimu wa mvua, na sioni haya kulisema. Lakini umri usikutie hofu. Huyo kijana pengine ametahiniwa miezi michache iliyopita, na mambo ya darasani bado yako mbichi kichwani mwake.

Kama unataka cha kutazama, tazama mizani. Pale Manda, kabla ya kupanda ndege ndogo, unapimwa begi na mara nyingine unaombwa upande na wewe mwenyewe. Najua kina mama wengi huona ni kudhalilishwa mbele za watu. Vumilia, maana Caravan ya kawaida ya 208B haitakiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 3,969, ukijumlisha ndege, mafuta, watu na mizigo, na uzito huo lazima ukae mahali pake, usilemee mkiani. Saa saba ya mchana, jua la Januari, hewa ni nyepesi na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuinuka. Rubani anayekubali kapu la maembe la jamaa yake lipite pembeni ya mizani anakuhatarisha kuliko rubani mwenye sura ya kitoto. Na aliye mkali hata ukamchukia, huyo panda naye.

Serikali iko wapi katika hayo? Watu wa Pwani huchanganya ofisi tatu. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, KAA, ndiyo mwenye nyumba: inaendesha kiwanja cha Manda na cha Malindi, njia ya kurukia, ukumbi wa abiria. KCAA ndiyo msimamizi: inatoa leseni za marubani, wahandisi na waongoza ndege (wanaozielekeza ndege kutoka chini), inasajili ndege, inatoa cheti cha ndege kustahili kuruka, na inatoa kwa kila shirika cheti cha kuendesha safari. Ilianzishwa mwaka 2002; kabla ya hapo ilikuwa idara ndani ya wizara, na kabla ya 1977 kazi hiyo ilifanywa kwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Ofisi ya tatu ni idara ya uchunguzi wa ajali, ambayo iko wizarani, nje ya KCAA. Imetengwa makusudi, kwa sababu ndege ikianguka kuna siku msimamizi mwenyewe atatakiwa kuulizwa kama alisimamia.

Kuna utengano mwingine haujakamilika na nitausema wazi: waongoza ndege wenyewe ni waajiriwa wa KCAA, na chuo cha anga cha Embakasi pia ni chake. Anayeongoza ndege na anayemkagua mwongoza ndege wako chini ya mkurugenzi mkuu mmoja. ICAO inataka kazi hizo zitenganishwe, na nchi nyingi zimezitenga. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko umri wa marubani wote wa Wilson.

Wakaguzi ni wachache, ndege zinaruka mchana kutwa, na hakuna nchi duniani inayoweza kumweka mkaguzi katika kila safari. Kwa hiyo serikali hufanya hivi: inalikagua shirika, na shirika linamkagua rubani. Mkaguzi anataka kujua rubani mkuu wa shirika ni nani na ana sifa gani, nani anapanga zamu na kama marubani wanalala vya kutosha, nani anasaini matengenezo, na rubani akikataa kuruka kwa sababu ya hali ya hewa anafanywaje na tajiri. Halafu mara kwa mara anatokea kiwanjani bila taarifa, ndege imeshawasha taa, anaomba leseni, cheti cha afya, cheti cha ndege na karatasi ya uzito.

Mpango huo unafanya kazi pale tu kila ngazi inapoifanya kazi yake. Unakumbuka ndege ya Ethiopia iliyoanguka Machi 2019 ikija Nairobi, ikaua watu 157, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Katika ukaguzi wa aina ile ya ndege, serikali ya Marekani ilikuwa imewaachia wafanyakazi wa Boeing wenyewe, kampuni iliyoitengeneza, sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha, na mfumo ulioishusha pua ya ndege ukapita humo. Na kwa upande wa leseni, tazama Pakistan: Juni 2020 waziri wao wa anga alisimama bungeni akasema marubani 262 kati ya 860 wana leseni zenye shaka, wengine walidaiwa kufanyiwa mitihani na watu wengine. Mwezi uliofuata shirika lao la taifa lilifungiwa kwenda Ulaya, na halikufunguliwa mpaka mwishoni mwa 2024. Walioumia ni pamoja na marubani waliosoma kwa jasho lao.

Ndiyo maana nchi nazo zinakaguliwa. ICAO hutuma wakaguzi kutazama kama nchi ina sheria, ina wataalamu, inatoa leseni kwa utaratibu, na ikiona kasoro inazifuatilia mpaka zirekebishwe. Marekani nayo ina ukaguzi wake. Kenya iliupita Februari 2017, na Oktoba 2018 safari ya moja kwa moja ya Nairobi na New York ikaanza. Bila kibali kile isingewezekana. Kwa ukanda wetu lipo pia shirika la usalama wa anga la Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, lenye makao Entebbe, linalosaidia nchi wanachama kulinganisha kanuni na kuazimana wakaguzi.

Sasa chuo. "Kina leseni ya serikali" haitoshi. Hata duka la soda lina leseni ya serikali. Unachotaka kuona ni cheti cha KCAA cha chuo cha mafunzo kilichoidhinishwa. Usome tarehe ya mwisho, kisha usome kimeidhinishwa kufundisha nini. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya wahudumu wa ndege au ya leseni ya binafsi tu, ile ya kuruka bila malipo, na wakala akauza urubani wa biashara. Kisha uiandikie KCAA yenyewe kuuliza kama cheti hicho kiko hai. Hilo ni haki yako, hupendelewi.

Ukiridhika na cheti, nenda ukazione ndege. Uliza zinazoruka ni ngapi leo, si ngapi kwenye picha ya tangazo. Ndege ya mafunzo inaingia karakana kila baada ya saa 100 za kuruka. Chuo chenye wanafunzi arubaini na ndege mbili, moja ikiwa haina injini, kitamweka binti yako Nairobi miaka mitatu akilipa kodi ya chumba. Uliza wanafunzi walioanza mwaka juzi wako wapi. Waulize wao wenyewe, kantini, mkufunzi asiwepo. Na ada ulipe kwa awamu, kadiri anavyoruka. Chuo kikifungwa, saa alizolipia bila kuruka kuzirudisha ni kazi ya mahakama.

Kwa kiwango cha ICAO, leseni ya kwanza, ya kuruka kwa raha yake bila malipo, ni saa 40. Ya biashara ni saa 200, au 150 akisoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Ndani ya hizo kuna safari moja yeye akiwa ndiye rubani, isiyopungua kilomita 540, akitua viwanja viwili tofauti njiani. Hiyo ni zaidi ya Manda hadi Wilson kwa mstari ulionyooka. Mtihani wa maandishi una sheria ya anga, hali ya hewa, uongozaji safari, uzito na utendaji wa ndege, udhaifu wa kibinadamu na mengineyo, na unasimamiwa na mamlaka, si na chuo.

Hapo kwenye saa ndipo penye ujanja, kwa hiyo nikukalishe kidogo. Kila mwanafunzi ana logibuku anamoandika kila safari: tarehe, namba ya ndege, kutoka wapi kwenda wapi, muda, na saini ya mkufunzi. Kuna vijana hushawishiwa kuandika saa wasizoruka, na kuna wakufunzi wanaosaini. Wanasahau kwamba ndege nayo ina kitabu chake. Mkaguzi anaviweka vitabu viwili mezani. Mwanafunzi ameandika Jumanne ameruka saa 2 na dakika 10 kwenda Malindi na ndege fulani. Kitabu cha ndege kinaonyesha Jumanne hiyo ilikuwa karakana, gurudumu limefunguliwa, mhandisi amesaini. Anachukua na risiti za mafuta, anachukua kumbukumbu za mnara wa kuongoza ndege. Haichukui nusu saa. Leseni inasimamishwa au inafutwa, na mwenye nayo akiona kaonewa anaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa la usafiri wa anga lililowekwa na ile sheria ya 2013. Mwambie binti: kama hakuruka, asiandike, hata mkufunzi akimwambia "kila mtu hufanya hivyo". Na kila mwisho wa mwezi mwombe akuonyeshe hicho kitabu. Wewe ndiye unayelipa.

Usalama wa mafunzo yenyewe sitakuficha. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria ya Dash 8 iliyotoka Wilson kuelekea Diani. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Mkufunzi na mwanafunzi waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Anga ya Wilson imesongamana, ndege za watalii na za wanafunzi zinagawana njia zilezile. Na hapa kwetu Malindi, Januari 2025, ndege ndogo ilianguka Kwachocha, kwenye barabara ya Mombasa, ikaua watu waliokuwa njiani na mambo yao. Ajali ikitokea, utaratibu wa kimataifa unataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Lengo la uchunguzi huo ni kuzuia nyingine; kutafuta wa kumshitaki ni kazi ya polisi na mahakama. Ripoti zikichapishwa, zisomeni, wewe na binti. Anayetaka urubani akashindwa kusoma ripoti ya ajali mpaka mwisho, afikirie kazi nyingine.

La Afrika Kusini. Wakenya wengi wamesomea huko, hali ya hewa ni nzuri na vyuo ni vingi. Lakini leseni ya huko ni ya huko. Akirudi lazima aibadilishe iwe ya Kenya: KCAA inaiandikia mamlaka ya nchi iliyoitoa kuthibitisha kwamba ni halali, naye anafanya mtihani wa sheria ya anga ya Kenya na kupimwa na daktari wa hapa. Kama kuna saa au somo linalopungua, analikamilisha kwa gharama yake. Wapo waliokaa zaidi ya mwaka nyumbani wakisubiri jibu la barua. Kwa hiyo ukiamua kumpeleka, kabla hujakata tiketi iandikie idara ya leseni ya KCAA, ukitaja jina la chuo na jina kamili la leseni atakayorudi nayo, uulize nini kitatakiwa akifika. Wakijibu, weka hiyo barua mahali pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Na cheti cha afya apate cha hapa kabla ya kuondoka, kwa daktari wa orodha ya KCAA.